Vinundu Visivyoambukiza na Woga Unaoambukiza



Jumatano ya tarehe 6 Novemba 2013, alipokuwa akiwasalimu mahujaji katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, Baba Mtakatifu Fransisko alimkumbatia mtu mmoja ambaye uso, kichwa na shingo yake vilijaa vinundu. Picha za tukio hilo zilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Wengi waliozitazama walidhani mtu yule ana ukoma. Haukuwa ukoma. Ulikuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao unaootesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, na kitaalamu huitwa nyurofibromatosi. Baadaye mtu huyo alieleza kwamba kilichomgusa zaidi ni kuona Papa hakusita. Hakuuliza kwanza kama ugonjwa ule unaambukiza.

Picha ile imesifiwa sana katika mahubiri na mafungo. Lakini wagonjwa wa namna ile hawaishi Roma tu. Wapo katika vigango vyetu, katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, na katika familia tunazozitembelea wakati wa likizo za kichungaji. Mara nyingi huketi benchi la mwisho karibu na mlango, shuka au khanga ikiwa imefunika shingo hata siku za joto. Wapo pia wale ambao hatuwaoni kabisa kwa sababu wameacha kuja kanisani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tunaikubali methali hiyo, ila tunapenda kuuliza swali moja: mgonjwa huyu anaficha kwa sababu gani? Hoja yetu katika makala haya ni kwamba woga wa jirani zake ndio unaomfundisha kuficha, na kuficha ndiko kunakomchelewesha kufika hospitali. Kwa hiyo parokia inayoondoa woga huo haifanyi ukarimu tu. Inashiriki katika tiba yenyewe.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Mishipa ya fahamu, au neva, ndiyo inayopeleka taarifa kati ya ubongo na viungo vyote vya mwili. Neva hizo huzungukwa na seli zinazozilinda na kuzifunika. Katika mwili wa kila mtu kuna protini inayofanya kazi kama breki, ili seli hizo zisiongezeke kupita kiasi. Maelekezo ya kutengeneza protini hiyo yamo katika jeni iliyopo kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu, breki hulegea na seli huongezeka pasipo mpango, na hapo uvimbe huota juu ya neva. Daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliueleza ugonjwa huu mwaka 1882, na ndiyo maana vitabu vya zamani vinautaja kwa jina lake.

Aina hii ya kwanza ya nyurofibromatosi humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000 wanaozaliwa, katika mataifa yote na rangi zote za watu. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 9,000 inaweza kuwa na wagonjwa watatu hivi. Paroko anayesema hajawahi kuwa na mgonjwa wa namna hiyo, huenda anao na hajajua.

Karibu nusu ya wagonjwa wamerithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba au mama. Nusu nyingine ni wa kwanza katika ukoo wao, maana hitilafu ilitokea yenyewe mwanzoni kabisa mwa maisha yao. Mgonjwa akipata mtoto, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Hakuna dhambi ya babu inayohusika hapa, wala chakula alichokula mama akiwa mjamzito, wala jicho la jirani.

Tena ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kunywea kikombe kimoja, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kumnyonyesha mtoto. Tunaomba sentensi hizi zisomwe kwa sauti katika Jumuiya.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona

Dalili ya kwanza huonekana mapema, mara nyingi katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Ni mabaka bapa yasiyouma wala kuwasha. Vitabu vya tiba huyafananisha na rangi ya kahawa ya maziwa, lakini katika ngozi yetu nyeusi huonekana kama mabaka meusi zaidi kuliko ngozi inayoyazunguka. Baka moja au mawili ni jambo la kawaida kwa watu wengi na lisimtie mzazi hofu. Yakifika sita au zaidi, na kila moja likiwa na upana unaozidi milimita 5 kwa mtoto au milimita 15 kwa aliyebalehe, inafaa aonwe na daktari. Dalili ya pili ni madoa madogo madogo mithili ya vumbi la kahawa, yanayotokea kwapani na kwenye kinena, mahali ambapo jua halifiki.

Vinundu vyenyewe kwa kawaida huanza kuota wakati wa kubalehe na huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa wanawake vinaweza kuongezeka wakati wa ujauzito. Vingi huwa laini, na ukivibonyeza huzama kidogo. Mtu mmoja anaweza kuwa na vichache tu, na ndugu yake wa tumbo moja akawa na mamia. Upo pia uvimbe mkubwa unaofuata neva kwa urefu na kujisokota kama mizizi. Huo mara nyingi mtoto huzaliwa nao, na ndio unaoweza kuharibu umbo la uso au la mguu.

Ugonjwa hauishii kwenye ngozi. Mfupa wa muundi unaweza kupinda na kuvunjika kirahisi, na uti wa mgongo unaweza kwenda upande. Uvimbe unaweza kuota kwenye neva ya jicho, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 7, na kupunguza uwezo wa kuona. Shinikizo la damu linaweza kupanda hata kwa kijana. Na karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hupata shida katika kujifunza: kusoma, kuhesabu au kutulia darasani. Mwalimu asiyejua atamwita mvivu na kumchapa. Katika shule zetu za parokia jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mtoto huyo anaweza kuchapwa kwa kosa la kuwa mgonjwa.

Daktari anaweza kuutambua ugonjwa kwa macho na maswali. Huhesabu mabaka, hukagua makwapa, huuliza habari za wazazi, na hupeleka macho yapimwe kwa taa maalumu ambayo huonyesha vidoti vidogo kwenye sehemu ya jicho yenye rangi. Dalili mbili kati ya zile zinazotambuliwa na wataalamu kwa kawaida hutosha. Kipimo cha jeni husaidia pale kinapopatikana. MRI hutumika kuangalia uvimbe uliojificha ndani. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mashine ya gharama kubwa. Inahitaji mzazi asiyeona haya kumvua mtoto wake shati mbele ya daktari.

Wakati ambapo kuchelewa ni hatari

Uvimbe mwingi wa ugonjwa huu si saratani. Lakini takriban mgonjwa 1 kati ya 10 atapata saratani ya neva wakati fulani wa maisha yake. Dalili za onyo ni nne, na kila mgonjwa na ndugu zake wanapaswa kuzijua kama wanavyojua Salamu Maria: uvimbe unaokua haraka, maumivu yasiyoisha ambayo humwamsha mtu usiku, uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu, na ganzi au udhaifu mpya wa mkono au mguu. Ikionekana hata moja kati ya hizo, mtu asingoje mavuno wala sikukuu. Aende hospitali, na kipande cha uvimbe kipimwe maabara.

Kuna uvimbe mwingine wa tishu za fahamu ambao nao hutaka haraka. Nyurofibromatosi ya aina ya pili, inayotokana na jeni ya kromosomu ya 22, huotesha uvimbe kwenye neva za masikio yote mawili. Kijana huanza kusikia mlio masikioni, kisha hupoteza usikivu na kuyumba anapotembea, na watu humdhania amelewa. Uvimbe wa ubongo unaweza kujitokeza kwa maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri pamoja na kutapika, kuona viwili viwili, kubadilika tabia, au kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nacho. Na iko saratani ya retina ya jicho, ambayo huwapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Mama huona weupe ndani ya mboni ya mwanawe, jicho likiwaka kama la paka mwanga unapolipiga. Mtoto huyo akifikishwa mapema, uhai wake huokolewa na mara nyingi hata uwezo wa kuona. Akizungushwa kwa miezi kadhaa kutoka kwa mganga hadi kwa mwombeaji, saratani hupita kwenye neva ya jicho na kufika ubongoni.

Tunayataja haya yote pamoja kwa sababu moja. Katika kila mfano, tofauti kati ya kupona na kufa inaweza kuwa wiki chache, na wiki hizo hupotelea nyumbani, kwa mganga na kwenye vikundi vya maombi, kabla hospitali haijafikiwa.

Tiba iliyopo

Hakuna dawa inayorekebisha jeni yenye hitilafu. Lakini kusema hakuna dawa ya kuondoa mzizi si sawa na kusema hakuna tiba. Vinundu vinavyouma, vinavyosuguliwa na nguo au vinavyomnyima mtu raha huondolewa kwa upasuaji. Wapo wanaoamini kwamba kisu kikigusa uvimbe unasambaa mwili mzima. Si kweli. Vinundu vipya vitaota kwa sababu ugonjwa umo mwilini, si kwa sababu daktari amekata kimoja. Uvimbe mkubwa uliojisokota ni mgumu zaidi kwa mpasuaji, kwa sababu umeshikamana na neva na hutoa damu nyingi. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kumeza iitwayo selumetinib kwa watoto wenye uvimbe wa namna hiyo usioweza kupasuliwa. Dawa hiyo huupunguza uvimbe kwa watoto wengi, ingawa bei yake bado iko mbali mno na mkulima wa kawaida. Tiba ya mionzi huepukwa pale inapowezekana, kwa kuwa kwa wagonjwa hawa inaweza yenyewe kuchochea saratani nyingine.

Sehemu kubwa ya tiba ni ufuatiliaji wa kila mwaka: kupima shinikizo la damu, kuangalia macho ya mtoto, kuutazama uti wa mgongo, kuuliza maendeleo ya shule, na kwa wanawake kupimwa matiti kuanzia umri wa miaka 30, kwa kuwa hatari yao ya saratani ya matiti katika umri mdogo ni kubwa kuliko ya wengine. Hayo mengi yanaweza kuanzia katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa matatizo makubwa, hapa Tanzania zipo Taasisi ya MOI pale Muhimbili, inayoshughulikia mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, na hospitali ya KCMC ya Moshi, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Bugando iliyopo Mwanza ni hospitali ya rufaa iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Hapo sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kuongea kana kwamba hospitali ni mshindani wa imani. Hospitali ni kazi ya mikono ya Kanisa lenyewe.

Laana, mapepo na msalaba

Maelezo matatu husikika mara kwa mara juu ya wagonjwa hawa, na kila moja linataka jibu.

La kwanza ni laana. Mtu mwenye vinundu huambiwa kuna jambo wazazi wake walilifanya. Swali hilo ni la zamani. Mitume walimwuliza Bwana wetu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wakitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani. Yesu alikataa swali lenyewe. Hakumtafuta mkosaji, alimponya mgonjwa. Mkristo anayeendelea kutafuta mkosaji katika ukoo wa jirani yake yuko upande wa swali ambalo Bwana alikwisha kulikataa.

La pili ni mapepo. Hili huwapata zaidi wenye uvimbe wa ubongo, kwa sababu kifafa na mabadiliko ya tabia hutisha. Kanisa haliukani uwepo wa mwovu. Lakini lina utaratibu. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kufanya ibada ya kupunga pepo bila idhini ya pekee ya askofu wa mahali. Katekisimu katika namba 1673 inadai kwamba kabla ya hapo ihakikishwe kuwa jambo lililopo si ugonjwa, kwa maana ugonjwa ni kazi ya sayansi ya tiba. Hivyo kikundi kinachomfunga kamba kijana mwenye kifafa na kumkemea usiku kucha hakionyeshi imani kubwa kuliko ya Kanisa. Kinavunja sheria ya Kanisa, na pengine kinaharibu ubongo wa mtu. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, na njia ya kwenda kwenye kipimo cha CT skani ni mahali pazuri pa kusali Rozari.

La tatu ni msalaba, na hili ndilo gumu zaidi kwa sababu linafanana na uchaji. Watu humwambia mgonjwa, "Pokea tu, huo ndio msalaba wako," kisha humwacha nao. Ni kweli kwamba mateso yaliyounganishwa na ya Kristo yana thamani. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima kuhusu jambo hilo mwaka 1984, na katika barua hiyohiyo alitafakari kwa urefu habari ya Msamaria Mwema, yaani mtu asiyeruhusiwa kupita kando. Fundisho la msalaba huanza na mtu anayejitwika wake. Kumtwika mwenzako wake na kuondoka si fundisho la msalaba. Hata Bwana wetu, njiani kwenda Kalvari, alisaidiwa na Simoni wa Kirene. Neno la msalaba kinywani mwa mtu ambaye hajachangia hata nauli ya mgonjwa halina uzito wowote.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinayapanga mambo haya kwa utulivu: mgonjwa amwombe Mungu, aache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi, maana yeye naye ametoka kwa Mungu, na dawa zimetoka ardhini kwa kazi ya Muumba. Sala na tabibu vimewekwa katika sura moja. Tusivitenganishe.

Wanaosema haiwezekani

Wapo watakaosema kwamba sisi si madaktari na makala ya namna hii si kazi ya seminari. Ni kweli hatutibu. Lakini katika vijiji vingi mtu wa kwanza kuuona mwili wa mtoto mchanga nje ya familia yake ni yule anayesimama karibu na kisima cha Ubatizo. Mtu wa kwanza kusikia kwamba mama wa fulani ameanza kuanguka ni katekista. Anayejua nani ameacha kuja kanisani ni kiongozi wa Jumuiya. Watu hawa hawahitaji kutoa dawa. Wanahitaji kujua sentensi moja tu: "Twende hospitali, tutakusindikiza."

Wengine watasema fedha hazipo. Nauli, vipimo na kulala mjini ni mzigo mkubwa kwa familia ya mkulima. Hatudharau hoja hiyo. Hata hivyo Jumuiya zetu huchanga kwa ajili ya misiba, tena huchanga haraka na bila kulalamika. Jeneza hupatikana, chakula cha waombolezaji hupatikana, gari la kusafirisha mwili hupatikana. Mtu aliyekosa nauli ya kwenda kupimwa akiwa hai hupata gari la kumrudisha akiwa maiti. Sehemu ya mchango ule ikitangulia miezi sita, baadhi ya misiba hiyo isingekuwepo. Tunapendekeza kila Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa wagonjwa, wenye hesabu zinazosomwa wazi, na unaotumika kabla mtu hajazidiwa.

Tena wapo wanaosema, kama ugonjwa hauponi, kuna faida gani ya kumsumbua mgonjwa? Faida ni kwamba saratani inaweza kuwahiwa, jicho la mtoto linaweza kuokolewa, mguu uliopinda unaweza kushikiliwa kabla haujavunjika, na mama anaweza kuambiwa ukweli kwamba hakurogwa wala hakumroga mtu. Kwa mama aliyenyoshewa kidole na mawifi kwa miaka kumi, ukweli huo peke yake ni uponyaji.

Neno kwa sisi waseminari

Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 984, zilimzuia kupata daraja takatifu mtu ambaye ulemavu au umbo la mwili wake lingemfanya ashindwe kuhudumu altareni kwa usalama au kwa namna iliyohesabiwa kuwa ya heshima. Sheria za mwaka 1983 hazina tena kizuizi hicho. Askofu bado anaangalia kama mwombaji ana afya na uwezo unaofaa huduma, kama kanuni ya 1029 inavyotaka, na hiyo ni haki. Lakini sura ya mtu yenyewe haimzuii tena. Sheria imebadilika kwa zaidi ya miaka 40, na sasa inabaki sisi tuufikie moyo wake. Kijana mwenye vinundu anayetaka kuja kujaribu wito asikatishwe tamaa na maneno ya bwenini kabla hajaonana na mkurugenzi wa miito.

Tunapendekeza pia kwamba katika masomo ya uchungaji, daktari au muuguzi aalikwe walau mara moja kwa mwaka kutufundisha dalili za magonjwa yanayochanganywa na laana na mapepo: kifafa, uvimbe wa ubongo, nyurofibromatosi, ukoma na magonjwa ya akili. Padre kijana atakapopelekwa kwenye parokia ya mbali, swali la kwanza analoulizwa usiku huwa si la dogma. Ni mtu amelala sakafuni akitetemeka, na ndugu wanauliza wafanye nini.

Na tuwafundishe waamini kuhusu Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado huiogopa kama tangazo la kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba si sakramenti ya wanaokata roho tu, na utaratibu wa ibada yenyewe unaruhusu mgonjwa apakwe mafuta kabla ya upasuaji, pale ugonjwa mzito unapokuwa ndio sababu ya upasuaji huo. Mgonjwa anayesafiri kwenda kupasuliwa uvimbe wa ubongo apakwe mafuta mbele ya jamaa yake, akiwa na akili timamu, na akitoka hapo apande basi. Katika kitendo hicho kimoja, parokia nzima itaona kwamba mafuta matakatifu na chumba cha upasuaji havigombani.

Kuna zoezi moja ambalo halihitaji bajeti wala semina. Padre au shemasi anapotualika kutakiana amani, mtazame ni nani ambaye watu wanamruka. Pengine ni mzee mwenye uso uliojaa uvimbe, pengine ni binti aliyevaa mikono mirefu. Mwendee, mpe mkono wote, si ncha za vidole. Baada ya Misa muulize jina lake, na siku nyingine, mkizoeana, muulize kama amewahi kuonana na daktari. Kama hajawahi, tafuteni siku ya kwenda pamoja.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.